Kabla Upeleke Doo Yako Luthuli: Vile Sauti ya Movie Huchaguliwa

Manze, hii lazima ishakupata. Uko kwa keja, taa umezima, movie imeshika. Wasee wawili kwa skrini wananong'onezana siri yenye ndio stori yote. Huskii kitu. Unachukua rimoti, unapandisha volyumu mpaka 60. Sekunde kumi baadaye gari inalipuka, glasi kwa meza zinacheza, jirani anagonga ukuta. Unashusha. Wale wasee wanaanza kunong'ona tena. Movie ya masaa mawili unaimaliza ukiwa umeshikilia rimoti ka dere wa mathree ameshikilia gia.

Wengi wakifika hapo wanasema dawa ni wufa kubwa. Wanaweka doo miezi mitatu, wanashuka tao, wanaingia Luthuli Avenue, wanarudi na boksi imeandikwa wati elfu kumi. Wanawasha. Sasa ule mlipuko unatingisha ploti nzima, na wale wasee wa kunong'ona bado hawaskiki. Doo imeenda, shida imebaki palepale.

So hii stori ni ya wewe mwenye bado doo iko mfukoni. Ukishanunua ni ngumu kurudisha, na unajua hivo.

Movie si nganya

Kitu ya kwanza kuelewa ni kwamba ngoma na movie hazitengenezwi na hesabu moja. Ngoma imetengenezwa kwa chaneli mbili, kushoto na kulia. Ndio maana nganya inaweza kukupa raha na bezi ya kupasua kifua: dere hana haja uskie kila neno, ana haja uskie mdundo kabla gari ifike stage.

Movie imegawanywa zaidi. Ule mpangilio wa kawaida unaitwa 5.1. Tano ni spika za kawaida: kushoto, katikati, kulia, na mbili za pembeni ama nyuma yako. Hiyo .1 ni chaneli ya bezi pekee, ya milipuko na ngurumo. Apocalypse Now ya 1979 ndio hutajwa ka mzazi wa huu mpangilio, alafu Batman Returns ya 1992 ikaleta Dolby Digital kwa kumbi za sinema. Kutoka hapo karibu kila movie kubwa imepangwa hivo.

Sasa shika hii, kwa sababu ndio roho ya maneno yote: maongezi karibu yote ya movie hukaa kwa ile chaneli ya katikati. Si ya kushoto, si ya wufa. Katikati. Wenye walitengeneza movie waliweka mdomo wa mwigizaji pale kwa skrini, na milipuko wakaisambaza kwingine.

TV yako haina spika ya katikati. Ina mbili ndogo, na kwa sababu TV za siku hizi ni nyembamba ka chapo, hizo spika zimefichwa zikiangalia chini ama ukutani. Chaneli sita zinasongwa ndani ya spika mbili zenye hata hazikuangalii. Maongezi yanapigania nafasi na mvua, muziki na risasi. Yanashindwa.

Ndio maana movie ya DJ Afro unaiskia poa hata kwa spika mbovu ya kibanda. Sauti yake imekaliwa juu ya kila kitu, bastola ilie isilie. Hollywood hawakufanyii hiyo favour. Na wengine ni wakaidi makusudi: Tenet ya Christopher Nolan ya 2020 ililalamikiwa dunia nzima kwamba maongezi hayaskiki, hata na wasee walioiona kwa kumbi za maana. Ka hiyo ndio unatumia kupima spika, utalaumu spika bure.

Kwa hivo swali ya kwanza dukani isiwe "hii ina bezi ngapi?" Iwe "sauti za watu zinatokea wapi?"

Wati elfu kumi za wapi?

Hapa ndio wasee wengi hushikishwa. Boksi imeandikwa 10,000W na rangi nyekundu, na chini kabisa kwa herufi za siafu kuna PMPO. Hiyo ni namba ya soko, ni ile nguvu spika inadaiwa inaweza kutoa kwa muda wa kufumba jicho kabla iungue. Hakuna kipimo kimoja chenye kampuni zote zinafuata, so kila mtu anaandika yenye anaskia.

Piga hesabu mwenyewe. Soketi yako ya ukuta ni ya 13 ampia, na stima ya Kenya ni karibu volti 240. Zidisha: ni kama wati 3,120 na hapo umefika mwisho, fyuzi ya plagi inaenda. Pasi ya nguo na kettle ndizo hukula hapo karibu. Sasa hii wufa ya elfu kumi inapata wapi hizo zingine? Geuza mashine uangalie kibandiko cha nyuma. Utapata imeandikwa inakula wati 60, ama 80. Mashine haiwezi kutoa kwa spika nguvu nyingi kuliko yenye inavuta kwa ukuta, mwaka mzima.

Namba ya kuuliza ni RMS, nguvu yenye inaweza kushikilia bila kulia ovyo. Na hata hiyo usiiabudu. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti yenye sikio linaskia kidogo. Ndio ikae ni kama imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi. So kati ya spika ya wati 50 safi na ya wati 100 chafu, beba ya 50. Keja yako ya bedsita haitawahi kuuliza zingine.

5.1 ya jina na 5.1 ya ukweli

Kuna mashine za bei rahisi zimeandikwa 5.1, ziko na spika tano na wufa, ukiziona kwa shelfu unaona zimeiva. Alafu unageuza nyuma unapata tundu mbili, nyekundu na nyeupe, Bluetooth na flashi. Bas.

Hizo tundu mbili hubeba chaneli mbili. Haijalishi umepanga spika ngapi, kilichoingia ni kushoto na kulia. Mashine inachukua hizo mbili inazinakili kwa tano. Spika ya nyuma inaongea kitu ileile ya mbele, na mwigizaji anakuongelesha ukiwa umezungukwa ka mwizi amepatikana. Hiyo si sauti ya sinema, ni kelele ya kuzunguka. Kuna zenye zina matundu sita ya analogi nyuma, hizo ni afadhali, lakini lazima uwe na kifaa cha kutoa hizo sauti sita, na TV yako haitoi.

5.1 ya ukweli lazima iwe na njia ya kupokea sauti ya dijitali na akili ya kuifungua. Tafuta tundu la HDMI lenye limeandikwa ARC ama eARC, ama lile dogo la mraba lenye limeandikwa Optical, lile lenye mwanga mwekundu. Alafu tafuta alama ya Dolby Digital kwa mashine yenyewe, si kwa karatasi ya boksi. Ukikosa hizo mbili, lipa ukijua unanunua 2.1 yenye spika za urembo.

Na hakuna ubaya kununua 2.1, kuwa wazi. Ka bajeti yako ni chini ya 10K, hapo ndio uko, na ukipanga vizuri itakupea raha kuliko 5.1 ya uongo. Siri ni hii: spika mbili zikiwa sawa, moja kila upande wa TV, zikikuangalia kwa masikio, na wewe umekaa katikati kabisa, ubongo unadanganyika. Unaskia mwigizaji akiongea katikati ya skrini na hakuna spika hapo. Shida inakuja mbogi ikikam. Yule amekaa pembeni kabisa ya kochi anaskia spika ya karibu yake pekee, na kwake mwigizaji anaongea kutoka kwa kabati. Ndio maana spika ya katikati ina maana zaidi ukiwa na wageni. Ukiwa unacheki solo, unaweza kuishi bila.

Kitu usifanye na hiyo 2.1 ni kuweka spika zote mbili juu ya wufa, chini ya meza, zikiangalia miguu ya watu. Nimeona hii kwa keja nyingi sana.

Saundiba ama ex-UK?

Ukipanda kidogo kwa bajeti, unapata njia mbili na kila moja ina watu wake.

Saundiba ni ile ndefu ya kukaa mbele ya TV. Ukisoma namba yake, angalia ile ya kwanza. 2.0 ama 2.1 inamaanisha haina chaneli ya katikati, ni kushoto na kulia ndani ya boksi moja. 3.1 kwenda juu ina katikati. Kati ya 2.1 kubwa na 3.1 ndogo, kwa movie mimi ningebeba 3.1 bila kufikiria. Alafu kuna zile zinakuja na spika za nyuma kabisa, kama Sony HT-S20R, yenye ni 5.1: chaneli tatu kwa saundiba, spika mbili za nyuma za waya, na wufa yake. Ndugu yake HT-S40R nyuma haina waya mrefu wa kuvuka sakafu, lakini usidhani "wireless" ni uchawi. Ile amplifaya ya nyuma bado inataka stima. Ka keja yako ina soketi moja tu, na iko upande wa TV, umerudi kwa extension.

Zile za Dolby Atmos ni stori ingine. Atmos ilianza kwa kumbi za sinema 2012 na movie ya Brave, na raha yake ni sauti kutoka juu: mvua, ndege, chopa. Saundiba nyingi zinafanya hivyo kwa kurusha sauti kwa dari irudi kwako. Dolby wenyewe hutaka dari iwe bapa, ngumu, na isiwe juu sana, kitu kati ya mita 2.3 na 3.6. Ka keja yako ni ya mabati yenye yameinama, ama dari ni ya ile karatasi laini, ile sauti inarukia kwa jirani ama inamezwa. Na Netflix hawakupei Atmos ka hauko kwa package ya Premium. So kabla uongeze doo juu ya neno Atmos, angalia juu kwanza. Literally.

Sasa ex-UK. Hapa ndio roho yangu iko, sitaficha. Risiva za Yamaha, Denon, Onkyo, Pioneer na Sony zenye zimetumika Uingereza huletwa hapa, na kuna sababu ya maana zinafanya kazi: Uingereza wanatumia plagi ya miguu mitatu ka yetu na volti karibu zetu. Unachomeka tu. Ukiona mtu anauza ya kutoka Marekani ama Japan, chunga. Marekani ni volti 120, Japan ni 100. Ukiichomeka kwa ukuta wa Nairobi bila transfoma, utaskia harufu kabla uskie sauti.

Uzuri wa risiva ni kwamba hata ya zamani yenye haina HDMI bado iko na tundu la Optical, na hilo linabeba Dolby Digital 5.1 kutoka kwa TV ya kisasa bila noma. Wasee wanaziuza rahisi kwa sababu "haina HDMI", na kwa sauti ya Netflix wewe hauitaji. Uzuri wa pili ni unajenga polepole. Mwezi huu risiva na spika mbili, mwezi ujao spika ya katikati, wufa ikuje ukipata ganji. Saundiba ukinunua ndio imeisha hivo.

Ubaya? Hakuna waranti, inakula nafasi, na lazima uikague. Spika za zamani huwa na ule mviringo wa sponji kuzunguka koni, na baada ya miaka mingi sponji huoza ka mkate. Iguse na kidole polepole: ikimong'onyoka, achana nayo ama punguza bei ya kubadilisha. Sukuma koni kidogo na vidole viwili, ukiskia inakwaruza ndani, coil imeungua. Washa risiva, usicheze kitu, panda volyumu polepole: mngurumo mkubwa ni ishara mbaya. Alafu jaribu kila chaneli, si mbili za mbele tu, kwa sababu ile ya katikati ndio hufanya kazi ngumu zaidi.

Setingi moja yenye imeharibia watu home theatre

Unaweza nunua kila kitu vizuri na bado upate sauti ya chaneli mbili, kwa sababu ya kitu iko kwa menyu ya TV.

Waya wa HDMI lazima uingie kwa lile tundu la TV lenye limeandikwa ARC. TV huwa na matundu mawili matatu ya HDMI, lakini ARC ni moja. Ukichomeka kwa ingine, sauti hairudi. Alafu ingia setingi uwashe ile ya kuunganisha vifaa: Samsung wanaiita Anynet+, LG ni SimpLink, Sony ni Bravia Sync. Ni kitu moja na majina matatu, usiniulize kwa nini.

Sasa ile yenyewe. Tafuta sehemu ya sauti ya dijitali ya kutoka. Utapata maneno kama PCM, Auto, Bitstream ama Pass Through. Ikiwa kwa PCM, na uko kwa ARC ya kawaida ama Optical, TV inakamua ile 5.1 inakuwa mbili kabla itume. Home theatre yako inapokea makapi. Weka Auto, Bitstream ama Pass Through. Kuna wasee wamekaa miaka miwili wakidhani spika za nyuma ni mbovu, na ni hiyo tu.

Bluetooth ni ya ngoma. Inabeba chaneli mbili, na mara nyingi mdomo unafunguka alafu neno linafika baadaye. Usicheki movie nayo ka waya upo.

Na wenye mnacheki movie za flashi, hii ni yenu. Ka picha inatokea na sauti hakuna, pengine TV yako haijui DTS. Samsung waliacha kuifungua kwa TV zao kuanzia za 2018, na LG wakaacha kuanzia 2020 kabla wairudishe 2023. File si mbovu. Tafuta yenye ina Dolby ama AAC. Na usome jina la file: ikiwa na AAC 2.0, hata ukiwa na spika kumi utapata chaneli mbili. Alafu kuna HDTS. Hiyo si DTS, msee. Hiyo ni movie imenaswa ndani ya ukumbi wa sinema, na ukiskia mtu akikohoa si spika ya nyuma inafanya kazi.

Keja yako ni spika pia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna mtu wa duka atakuambia, na haigharimu kitu.

Simama katikati ya keja upige makofi mara moja. Ukiskia mlio wa "tsiiing" baadaye, hiyo ni sauti inagonga ukuta kwa ukuta. Tiles chini, saruji kando, dirisha bila pazia: kila neno la mwigizaji linakufikia mara tatu nne, moja kutoka kwa spika na zingine kutoka kwa ukuta. Ndio linakuwa ugali. Zulia chini, pazia nzito, kochi ya kitambaa, kitanda, hata nguo zimetundikwa, zote zinasaidia. Bedsita yenye imejaa vitu mara nyingi huskika safi kuliko one-bedroom mpya yenye iko na TV na kiti moja. Usiende kununua zile sponji za studio za vipande kwanza. Anza na zulia.

Bezi nayo ina tabia yake. Wimbi la sauti la hezi 40 lina urefu wa kama mita 8 na nusu. Keja yako ya futi 10 kwa 10 ni kama mita 3. Hilo wimbi halitoshei, so linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenyewe. Kwa chumba cha mita 3, hiyo hutokea zaidi karibu hezi 57. Mahali pengine linajijenga na bezi inakuwa nzito ya kuumiza, mahali pengine linajifuta na huskii kitu. Na bedsita zetu nyingi ni mraba, upana na urefu sawa, so shida ya pande zote mbili inaangukia namba moja. Mraba ndio umbo mbaya zaidi kwa bezi. Landilodi hakujua.

Ndio maana unaweza kaa kwa kochi unalia wufa haina nguvu, na jirani nyuma ya ukuta anatingishika kitanda. Kabla uongeze volyumu, fanya hivi: beba wufa uiweke juu ya kochi, pale hukaa wewe. Cheza kitu yenye bezi ya kuendelea. Alafu tambaa sakafuni, ndio, kwa magoti, ukizunguka keja na sikio karibu na chini. Mahali bezi inaskika imejaa na haivumi, hapo ndio wufa inafaa kukaa. Funga mlango kwanza ndio caretaker asipite. Ukiisukuma kwa kona kabisa itakuwa na kelele zaidi, lakini ni ile bezi ya pipa.

Kuhusu spika zingine: za mbele zikae urefu wa masikio ukiwa umekaa, katikati iwe chini ama juu ya skrini ikiwa imeinamishwa ikuangalie, na za nyuma zikae kando yako ama nyuma kidogo, juu ya masikio kiasi. Si lazima ziwe kona za nyuma kabisa. Ka kitanda kiko hapo, weka kando, movie haitajua.

Kwa risiva ama saundiba yenye inaruhusu, ingia setingi upandishe chaneli ya katikati peke yake, desibeli 2 ama 3. Hii ndio dawa ya wale wasee wa kunong'ona. Ka hakuna hiyo, tafuta Voice, Dialogue ama Night Mode. Night Mode hukaza tofauti: inashusha mlipuko na kuinua mnong'ono. Wapenzi wa sauti hawaipendi, wanasema inaua movie. Hao hawajawahi kuishi na jirani mwenye anaamka saa kumi asubuhi kwenda kazi.

Jirani, kwa sababu lazima

Bezi hupenya ukuta rahisi kuliko sauti ya mtu. Hii haitibiki na zulia. Unaweza kuweka wufa juu ya kipande cha godoro kuukuu ndio isiongee na slab moja kwa moja, itasaidia yule wa chini yako kidogo, lakini dawa ya ukweli ni kushusha wufa peke yake ikifika usiku na kuacha zingine.

Na iko kwa sheria. Kanuni za kelele za 2009, zenye NEMA husimamia, zinaweka kiwango cha ndani ya nyumba za kuishi kuwa desibeli 45 mchana na 35 usiku. Kumbuka maongezi ya kawaida ni kama 60. So ka jirani ameenda kwa chifu, usianze kubishana kuhusu volyumu ulikuwa 20.

Siku ya kununua

Usikubali demo ya muuzaji. Atakuwekea ngoma yenye bezi, ama ile video ya rangi za ndege na maji. Beba flashi yako. Weka mnong'ono, mlipuko na ukimya. A Quiet Place ya 2018 ni poa kwa ukimya: kama spika inafanya "shhh" hata hakuna kitu inacheza, utaiskia hapo. Mad Max: Fury Road, Dune ya 2021 na Top Gun: Maverick zote zilibeba Oscar za sauti, so kelele yake ni kelele yenye imepangwa. Na Nairobi Half Life, kwa sababu Sheng unaijua: ka hauelewi mazungumzo ya lugha yako mwenyewe ndani ya vurugu za tao, spika ndio mbaya, si Kiingereza cha mzungu. Ongeza pia ile sauti ya kupima chaneli, yenye mtu anataja kushoto, katikati, kulia moja moja, na uhakikishe ni file ya Dolby Digital 5.1. Akisema "katikati" na spika zote zinaongea, umeona.

Cheza kwa volyumu yenye utatumia home, si ya dukani. Luthuli kuna kelele ya magari na duka jirani linapiga ngoma, kila kitu itaskika ndogo, na utashawishika kubeba kubwa kuliko unahitaji. Ka unaweza, enda asubuhi mapema kabla barabara ichangamke.

Acha doo ya TV guard kwa bajeti yako. Stima ikirudi baada ya kupotea huja na nguvu yenye imeua amplifaya nyingi, na hiyo waranti haishughuliki. Hakikisha risiti ina namba ya mashine, si "1 home theatre" tu. Na usitupe boksi hata ka inajaza keja, angalau mpaka waranti iishe. Isukume chini ya kitanda.